Nozeli iliyosafishwa bila kupimwa haijatengenezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu makala ya magari mliyoichapa wiki mbili zilizopita. Makala ile iliwaambia wenye magari ya kasi kwamba nozeli, vile vipande vinavyonyunyizia injini petroli, zikichafuka, tiba yake ni chupa moja ya dawa ya kumimina tangini, na kwamba kuzifungua na kuzipeleka kwenye mashine ya kupimia ni kupoteza muda. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya mashine hiyo hiyo, mikono bado inanuka mafuta ya kupimia, na sikuweza kuiacha ipite.

Mimi ni fundi wa nozeli, au injekta kama wengine wanavyoziita. Sitengenezi injini nzima. Kazi yangu ni kile kipande kimoja kinachoenea kiganjani, na nimekishughulikia kwa miaka 19. Wanaoniletea ni madereva wa mashindano, wenye magari ya turbo (pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini) yaliyoongezwa nguvu, na mafundi wao. Naandika kwa sababu hao ndio watakaoufuata ushauri ule, na ninajua unafikisha wapi. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa kazi mikononi mwangu ikamfikisha mtu huko, na nitaisimulia hapa bila kuficha.

Chupa niitendee haki kwanza. Zipo dawa nzuri zenye kemikali inayolainisha utando unaoachwa na petroli, na ukiitia mapema, kabla uchafu haujakomaa, kwenye gari linalotembea kila siku, inasaidia. Sina ugomvi nayo. Lakini dawa hiyo haina macho. Haikuambii nozeli ya ngapi ilikuwa mbovu, wala imepona kiasi gani, wala kama kilichoziba ni utando unaoyeyuka au ni kutu ya tangi na nyuzi za mpira ambazo haziyeyuki kwa dawa yoyote. Kwenye gari la kawaida, kutojua huko kutaonekana kwenye mafuta yanayokwisha upesi, au injini inayotetemeka asubuhi. Kwenye gari la turbo linalobanwa mpaka mwisho, kutojua huko kunatoboa pistoni.

Msomaji asiyeijua nozeli afikirie koki ya maji inayofunguliwa na sumaku. Ndani yake kuna koili ya waya, springi, na sindano ndogo. Kompyuta ya injini ikipeleka umeme, koili inageuka sumaku, inainua sindano, na petroli inapenya kwenye vitundu vyembamba na kutoka kama ukungu. Umeme ukikatwa, springi inairudisha sindano mahali pake, koki imefungwa. Sindano ile inanyanyuka kwa umbali mdogo kuliko unene wa ukucha wako. Kwa hiyo utando ambao ungeufuta kwenye sufuria bila hata kuuona, pale unakula njia ya mafuta.

Na utando huo hujengeka zaidi injini ikiwa imezimwa kuliko ikiwa inafanya kazi. Gari limetoka kukimbizwa, hedi, yaani kichwa cha injini, inafukuta, dereva anazima na kushuka. Hakuna petroli mpya inayopita kuipoza nozeli, na tone lililobaki kwenye ncha linaiva pale pale. Vilivyo vyepesi vinapaa, vizito vinabaki na kuganda kama vanishi. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo. Halafu gari linafunikwa turubai miezi mitatu likisubiri msimu wa mashindano. Nozeli zilizoganda vibaya kuliko zote nilizowahi kushika hazikutoka kwenye magari yaliyotembea sana, zilitoka kwenye yale yaliyokimbizwa sana kisha yakakaa.

Sasa tuone muda unaopatikana. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 16 tu za kumaliza kazi yake yote: kuvuta, kubana, kuchoma na kutoa moshi. Waangalifu hawaruhusu nozeli ikae wazi zaidi ya asilimia 80 hadi 85 ya muda huo, yaani milisekunde 13 na nusu hivi. Gari lililoongezwa nguvu mara nyingi limeshafika hapo. Nozeli ikipungua, hakuna muda mwingine wa kuiazima.

Hapa ndipo hata mafundi wazuri hudanganyika. Sensa ya oksijeni hukaa kwenye bomba la moshi, mahali ambapo moshi wa silinda kadhaa, au zote, umeshachanganyika. Inasoma wastani. Chukua injini ya silinda sita: nozeli tano ziko sawa, moja inatoa pungufu kwa asilimia 12 au 13. Wastani wa zote sita unashuka kwa asilimia 2 tu. Fundi anayepanga programu ya injini anaona mchanganyiko umekuwa hafifu kidogo, yaani petroli imepungua, anaongeza petroli asilimia 2 kwa zote, kipimo kinarudi kwenye 11.8 aliyoitaka, yaani sehemu 11.8 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, naye anafunga kompyuta yake akiwa ameridhika. Silinda tano sasa zinapata mafuta kuzidi haja. Ile moja inachoma karibu 13.2. Kwa injini isiyo na turbo, 13.2 wakati wa kukanyaga si namba ya kumtisha mtu. Kwa injini inayoshindiliwa hewa na turbo, joto linapanda, mchanganyiko ulioko pembeni unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, injini inaanza kugonga, na alumini ya pistoni haivumilii hayo kwa muda mrefu.

Silisemi hili kwa kusoma. Katika mwaka wangu wa nane wa kazi hii, kijana mmoja aliniletea nozeli sita za gari lake la turbo, za kutoa mililita 550 kwa dakika zikiachwa wazi kwa shinikizo la bar 3. Mbio zilikuwa Jumamosi, yeye alikuja Alhamisi jioni. Nilizipima kwanza zikiwa na uchafu wake, kila moja sekunde 15. Tano zilitoa kati ya 130 na 133. Ya tano kwa mpangilio ilitoa 117. Nikasema moyoni, huu ni utando, utatoka. Nikazitia kwenye beseni la mawimbi ya sauti, zikichezeshwa kwa umeme humo humo ili viputo vya dawa viingie mpaka kwenye kikalio cha sindano. Nikazisukuma mafuta kinyumenyume, kutoka nchani kurudi mdomoni. Kisha nikazipima tena. Mirija ikanionyesha 138, 137, 138, 136, 138, 138. Baina ya ya juu na ya chini hakukufika asilimia 2. Nikaandika karatasi, nikaigonga muhuri.

Kuna jambo sikuliandika. Nozeli za aina hiyo zina kichujio kidogo mdomoni, kikapu cha wavu kisichozidi ncha ya kidole cha mwisho. Ukisafisha nozeli, kichujio hicho hutolewa na kutupwa, kinawekwa kipya. Siku ile vipya vilikuwa vimeniishia. Vya zamani nilikuwa nimevitoa kwa uangalifu visipasuke, nikazipima nozeli zikiwa hazina vichujio, kisha nikavisuuza, nikavipuliza kwa hewa, nikavitazama kwenye taa, nikavirudisha. Sikuzirudisha nozeli mashineni. Ilikuwa saa nne usiku, na nilijiambia kwamba wavu ninaoona mwanga ukipita ni wavu mzima.

Ijumaa gari liliwaka kwa mguso mmoja na kutulia vizuri. Kwenye mashine ya kupimia nguvu, kipimo cha mchanganyiko kilisoma vile vile walivyotaka. Jumamosi, kabla mbio hazijafika nusu, moshi wa bluu ulitoka nyuma ya gari na mwendo ukakatika.

Jumatatu kijana alikuja na kifurushi, akakifungua juu ya benchi langu. Plagi ya silinda ya tano ilikuwa nyeupe kama chaki, na juu ya kaure yake kulikuwa na vitone vya kung'aa, vidogo kama chembe za chumvi. Hiyo ilikuwa alumini ya pistoni, iliyoyeyuka na kuirukia plagi. Pistoni yenyewe ilikuwa imeliwa ukingoni, tundu ambalo kidole changu cha shahada kilipita.

"Mama," aliniambia, "fundi wangu anasema mafuta hayakufika."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilizirudisha nozeli mashineni kama zilivyotoka kwenye injini, bila kugusa chochote, yeye akiwa amesimama kando yangu. Mashine yangu ina mirija sita ya kioo iliyopangwa mbele ya taa, kila mmoja una mistari ya mililita. Ukibonyeza, nozeli zote zinafunguka kwa pamoja, na mafuta yanaanza kupanda kwenye mirija. Kwenye minne ya kwanza yalipanda sare, ungeweza kulaza rula juu yake. Kwenye wa tano yalianza pamoja na mengine, yakabaki nyuma kwa mstari mmoja, kisha miwili, kisha sikuwa na haja ya kuhesabu. Sekunde 15 zilipokwisha, mirija mingine ilisoma 136 na 137. Wa tano ulisoma 119. Nikaitoa nozeli ile, nikachomoa kichujio chake, nikairudisha mahali pake, nikabonyeza tena. 137.

Kichujio nilikipasua kwa wembe juu ya kitambaa cheupe. Ndani ya wavu, kwenye kona ya chini ambayo taa yangu haikuifikia usiku ule, kulikuwa na tope jekundu la kutu, limeshikana na nyuzi nyeusi. Nyuzi zile zilikuwa za bomba la mpira la mafuta, lililokuwa likibanduka kwa ndani huku nje linaonekana zima. Petroli kidogo ilipita humo bila tabu, ndiyo maana gari lilitulia na kutembea kama kawaida. Ilipotakiwa petroli nyingi kwa mkupuo, wavu ukabana. Na ile 117 ya mwanzo, ambayo niliihesabu kuwa ni utando, sehemu yake kubwa ilikuwa kichujio tangu mwanzo. Mashine iliniambia, mimi nikaitafsiri vibaya.

Nilimlipa pistoni, gasketi na kazi yote ya kuifungua injini. Lakini kilichobaki kinaniuma mpaka leo ni karatasi ile. Ilikuwa na namba sita nzuri, zote za kweli, na hazikuwa namba za nozeli zilizoingia kwenye injini ya kijana wa watu.

Tangu siku hiyo kipimo cha mwisho nakifanya mwisho kweli. Kwanza kichujio kipya, oringi mpya (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za juu na chini, na kofia ya ncha kwa nozeli zinazovaa kofia. Baada ya hapo ndipo nazipima, na zikishapimwa sifungui tena kitu, zinaingia kwenye mfuko zikiwa na namba ya silinda juu yake. Anayezifunga kwenye injini nampa jambo moja tu la kukumbuka: oringi zipakwe mafuta mepesi kabla ya kusukumwa kwenye reli, bomba linalogawa petroli kwa nozeli zote, kwa sababu oringi iliyokatika wakati wa kufunga itavujisha petroli juu ya injini ya moto.

Kwa hiyo mwenye gari akipeleka nozeli popote pale, na adai karatasi yenye namba za kila nozeli kabla na baada, shinikizo lililotumika, volti zilizotumika, na kama kipimo cha baada kilifanywa zikiwa na vichujio vyake. Akiambiwa "tumeziosha, ziko safi," na karatasi hakuna, hajapewa kitu. Usafi wa nje hauna uzito wowote. Nimepokea nozeli zinazong'aa kama pete zikiwa zimepungua kwa asilimia 15, na nyingine nyeusi za kutia huruma zikatoka sare.

Kuhusu shinikizo nina neno, maana wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia hapa. Nozeli iliyopimwa kwa bar 4 itatoa zaidi ya ile ile ikipimwa kwa bar 3, lakini haitoi theluthi zaidi kama hesabu ya haraka inavyodai. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo, kwa hiyo ongezeko ni asilimia 15 hivi. Muuzaji akikupa namba kubwa ya nozeli zilizotumika bila kutaja shinikizo, hajakuambia chochote. Na mafuta ya kupimia si petroli. Hutumika kimiminika kisichoshika moto kwa urahisi hivyo, chenye uzito na wepesi wake, kwa hiyo usizozane na fundi kwa sababu mashine yake imesoma 544 na ya mwingine 551. Linganisha nozeli za seti moja, kwenye mashine moja, siku moja. Kwa injini iliyoongezwa nguvu mimi sitoi seti yenye tofauti inayozidi asilimia 2. Kuna wanaokubali 5, na kwa gari la kwenda kazini na kurudi siwalaumu.

Kipimo cha kuacha nozeli wazi, kile kilichoniponza, nacho kina upofu wake hata ukikifanya sawasawa. Nozeli haifunguki papo hapo. Tangu umeme ufike hadi mafuta yaanze kutoka kwa ukamilifu inapita kama milisekunde moja, na betri ikiwa dhaifu inapita zaidi. Nozeli mbili zinaweza kuwa pacha zikiwa wazi, huku moja ikichelewa kufunguka kwa sehemu ya kumi ya milisekunde kuliko mwenzake, labda springi imechoka au sindano inakwama kidogo. Kwa mpigo mrefu wa milisekunde 12, ucheleweshaji huo hauonekani, haufiki hata asilimia 1. Kwa mpigo wa milisekunde 2, wakati injini imetulia, nusu yake imeshaliwa na kufunguka, kwa hiyo ucheleweshaji huo ni asilimia 10 ya kilichobaki. Ndiyo maana nazipa pia mipigo 5,000 ya milisekunde 2. Nozeli nzima ya 550 itaujaza mrija kama mililita 46, iliyochelewa itaishia 41. Dereva wake amekuwa akilalamika kwamba gari linatetemeka kwenye taa za barabarani na kuzimika akiondoa mguu ghafla. Ameshabadilishiwa plagi, ameshabadilishiwa koili, ameshaambiwa ni kompyuta.

Uvujaji ni kipimo cha dakika moja, na sielewi kwa nini watu hukiruka. Shinikizo linapanda, umeme hakuna, unatazama ncha. Nozeli nzima inabaki kavu. Inayodondosha itamwaga petroli kwenye silinda usiku kucha baada ya gari kuzimwa, ikaosha oili kwenye kuta zake. Umbo la mnyunyizo nalo natazama kwa macho, kwa taa kutoka pembeni: ukungu ukiwa sawa pande zote unaonekana kama moshi, ukiwa na ugonjwa utaona uzi mmoja mnene unaokwenda upande. Uzi huo hauungui vizuri hata kama ujazo wake ni sahihi.

Kabla ya yote napima ukinzani wa koili, na hapa nataka vijana wanaojifanyia wenyewe wanisikilize. Nozeli nyingi za petroli zina omu 12 hadi 16. Nyingine, hasa za magari ya kasi ya zamani, zina omu 2 au 3 tu. Injini ya Toyota 2JZ-GTE ni mfano mzuri: ya soko la Japani ilitoka na nozeli za 440 zenye ukinzani mkubwa, ya masoko ya nje ikatoka na za 550 zenye ukinzani mdogo pamoja na kisanduku cha vipingamizi. Mtu anazihamisha kutoka huku kwenda kule bila kupima, anaunguza nozeli au anaunguza kompyuta. Na wako wanaozisafisha kwa kuziunganisha moja kwa moja kwenye betri huku wakipuliza dawa ya kopo. Nozeli ya omu 2.5 kwenye betri ya volti 12 inavuta karibu ampea 5, na koili yake haikutengenezwa kuzishika kwa sekunde nyingi. Cheche ya waya ule, na ukungu wa dawa inayoshika moto mbele ya uso wako, si mchezo. Naomba wasifanye hivyo. Wala wasichokonoe vitundu kwa sindano au waya wa brashi. Tundu likishapanuka halirudi.

Magari mapya ya kasi yenye nozeli zinazonyunyiza ndani ya silinda yenyewe ni shughuli nyingine. Shinikizo lake linapita bar 100, mengi yanafika 200, mengine 350. Mashine kama yangu haizipimi, na fundi anayekuambia amezipima kwenye mashine ya bar 5 amekudanganya au amejidanganya. Zinataka mashine zake, na pete mpya za teflon kila zinapotolewa. Mimi huzikataa na kuwaelekeza watu kwa wenye vifaa. Na kwa kuwa makala yenu iliahidi kwamba chupa ile husafisha pia valvu za kuingizia hewa, nieleze kwamba kwenye injini za namna hii, kama hazina nozeli nyingine za pembeni, petroli haipiti kabisa juu ya valvu hizo. Dawa iliyomo kwenye petroli itazifikiaje?

Mhariri, sikuandika haya kumvunjia heshima mwandishi wenu. Namwalika. Aje na nozeli za gari lake mwenyewe, tuzipime zikiwa na uchafu wake mbele yake, aandike namba kwa mkono wake. Kisha azirudishe kwenye injini, amimine chupa aliyoisifia, aendeshe tangi zima mpaka likauke, aniletee tena. Tutazipima kwenye mashine ile ile, kwa shinikizo lile lile na volti zile zile. Namba yoyote itakayotoka, ikimuunga mkono yeye au mimi, ichapeni kwenye ukurasa ule ule wa magari, nozeli kwa nozeli, ya kwanza hadi ya mwisho.

Namwomba kitu kimoja tu: akizileta, vichujio asivitoe.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa nozeli